Mkwe Kutoka Ukoo wa Kifalme

Watu husema ukirusha jiwe Beijing litampata mtu anayedai kuwa kitukuu cha mfalme. Chengde ni mji mdogo, lakini nao haujambo. Wafalme wa zamani walikuwa wakija huku milimani kila kiangazi kukimbia joto, na Mmanchu yeyote wa hapa, mtu wa kabila la wafalme hao, ukimbana vizuri, atakutolea babu mmoja aliyekuwa na lake jambo na ikulu. He Baozhen hakuwahi kuugua ugonjwa huo. Aliyeupata ni mwanawe Chunlei, na aliupatia huko huko Beijing, alikokwenda kutafuta kazi akapata na mchumba, Wenqian.

"Mama, mimi sikusema uongo," alijitetea kwenye simu. "Nilisema tu kwamba babu yake babu yako aliishi ndani ya Makazi ya Milimani."

"Ukasema alikuwa akifanya nini humo?"

Chunlei akauliza kama mvua imenyesha Chengde.

"Chunlei! Nakuuliza."

"Hawakuuliza, mama."

Babu mwenyewe aliishi humo kweli, ndani ya ikulu ile ya kiangazi, tena miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuzoa mavi ya kulungu wa mfalme na kuyapeleka kwenye bustani za maua. Kwa hiyo Chunlei hakudanganya, aliyaacha tu mavi nje ya hadithi. Hadithi nayo, kama mtoto asiyekemewa, ikaota mapembe. Ilipofika masikioni mwa mama yake yule msichana, mzoa mavi alikuwa ameshakuwa mwana wa mfalme, na Baozhen, aliyestaafu upishi wa kantini ya shule, alikuwa Binti Mfalme wa damu.

"Sasa baba yake Wenqian anakuja Jumamosi," Chunlei akasema. "Anataka kukuona na kuoneshwa Makazi yenyewe kabla hajatoa neno. Mzee mgumu huyo, mama. Hacheki. Asubuhi moja tu, nakuomba. Usiseme uongo. Usiseme chochote."

Laiti angekuwa mkwe mwingine, Baozhen angemwachia mwanawe avune alichopanda. Lakini Wenqian alishakuja Chengde mara moja, wakati wa Mwaka Mpya. Alikula mabakuli matatu ya tambi za ngano nyeusi, akaosha vyombo bila kuambiwa, huku akiimba kwa sauti mbaya ajabu. Nyumba ile ilikuwa haijasikia mtu akiimba tangu mume wa Baozhen afariki. Msichana alipoondoka, Baozhen alikaa jikoni akalia, si kwa huzuni, bali kwa kumtaka. Alimtaka kuliko alivyowahi kumtaka mtu yeyote asiye wa tumbo lake, na Chunlei alikuwa na miaka thelathini na minne, na wazazi wa wasichana wengine wawili walishamkataa.

Kwa hiyo akakubali. Kisha akafanya kosa. Alimwendea rafiki yake Kui Fengqin.

Kui alikuwa kiongozi wa kina mama waliocheza ngoma kila asubuhi kando ya ziwa, humo humo ndani ya Makazi, maana wenyeji wa Chengde hununua pasi ya mwaka na kuigeuza ikulu ya wafalme kuwa uwanja wao wa kunyoosha viungo. Spika yao ilisikika mpaka juu mlimani. Baozhen alitaka jambo dogo tu: Jumamosi wacheze kwingine, wasije wakamwita kwa kelele mbele ya mgeni. Ili Kui aelewe, ikabidi amweleze yote.

Kui alisikiliza hadithi nzima bila kukatiza, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu hofu. Mwishoni akampiga Baozhen begani.

"Shoga, wewe nenda kalale. Hilo niachie mimi."

"Nimekuachia nini? Nimekwambia msionekane tu!"

"Ndiyo, ndiyo. Hutaniona Kui wala kivuli cha Kui."

Jumamosi ikafika na jua lake. Jiao Detian, baba yake Wenqian, alikuwa mrefu, mkavu, mikono nyuma, viatu vipya vilivyokuwa vikilalamika kila hatua. Mkewe hakuja, mguu ulikuwa umemvimba. Alimsalimu Baozhen kwa kuinamisha kichwa, akamtazama haraka, akatazama pembeni.

"Umesafiri salama, Mzee Jiao?"

"Salama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Baozhen alikuwa amewahi kuongea na milango iliyofungwa ikamjibu zaidi ya hapo. Chunlei alikuwa akitoka jasho. Wenqian akamshika mama mkwe mtarajiwa mkono, akamnong'oneza, "Usijali, mama, hata nyumbani yuko hivyo." Neno hilo "mama" lilimfanya Baozhen aukaze mkono ule.

Langoni mwa Makazi, askari aliyemwona kila asubuhi akakenua meno. "Leo umechelewa, Mama Chunlei! Wenzako wamekwisha…" Baozhen alimkata jicho kali, askari akameza maneno yaliyobaki. Jiao aliona. Huenda alidhani hivyo ndivyo watu wa damu ya kifalme wanavyotazama walinzi.

Walipita kwenye kumbi. Anayefika mara ya kwanza hukasirika kidogo, maana alitarajia dhahabu na majoka mekundu, akakuta matofali ya kijivu na nguzo za mbao zisizopakwa chochote, zenye harufu nzuri mvua ikinyesha. Jiao alisimama uani akazunguka zunguka.

"Nyumba ya mfalme haina hata rangi?"

Chunlei alifungua kinywa. Baozhen, aliyeapa kutosema chochote, akamtangulia.

"Rangi ziliachwa Beijing," alisema. "Huku walikuja kupumzisha macho."

Hakujua neno lile lilitoka wapi. Lakini lilitoka vizuri, na Jiao akainamisha kichwa kwa heshima, na Baozhen akahisi kitu kitamu kooni. Ndio ubaya wa uongo. Mtu hukuonya juu ya uchungu wake, hakuna anayekwambia kuhusu utamu.

"Na kwenu," Jiao akauliza polepole, "walilala upande gani?"

"Kule." Baozhen akanyoosha mkono bila kuangalia unaelekea wapi. "Upande wa jua."

"Ukumbi wote ule?"

"Na kibaraza chake."

Chunlei alipatwa na kikohozi. Mama yake akamtuma akanunue juisi ya lozi, aende na Wenqian, wasikimbie. Alitaka kuwaondoa watoto, maana alikuwa amejigundua: alikuwa mwongo mwenye kipaji, na hakutaka mwanawe ashuhudie.

Wakashuka wawili kuelekea ziwani. Mayungiyungi yalikuwa yamechanua, meupe na ya waridi, majani yamelala juu ya maji mpaka ng'ambo ya daraja. Kulungu wawili walikuwa wakila nyasi chini ya misonobari. Pembeni palikuwa na vitalu vya maua ya manjano ambayo wafalme walikuwa wakiyapenda, na mbele ya vitalu, watalii wa kike wamejipanga na mitandio ya hariri, wanairusha hewani wapigwe picha. Baozhen alieleza kila kitu. Alimweleza Jiao kwamba maua yale yalipandwa kwa mkono wa babu, na hilo kwa kweli lilikuwa na ukweli ndani yake, ila mkono wa babu ulikuwa umeshika kingine. Alimweleza kwamba kulungu hawa wanaijua familia yake. Kadiri alivyoeleza, Jiao alizidi kukauka. Majibu yake yakawa "naam." Kisha yakawa kichwa tu.

Baozhen akaingiwa na wasiwasi. Mbona mzee hafurahi? Nimempa mwana wa mfalme, ukumbi, kibaraza na kulungu, anataka nini zaidi?

Jiao akasimama darajani, akakohoa mara mbili, akajiweka sawa kama mtoto anayetaka kusoma shairi mbele ya darasa.

"Mama Chunlei," alianza. "Mke wangu na mimi tumewaza sana. Mwanao ni kijana mzuri. Lakini kuna mambo…"

Baozhen alizijua sentensi hizo. Wazazi wawili kabla ya huyu walianza vivyo hivyo, "kijana mzuri, lakini." Alitaka kusema lolote lile, aizuie hiyo "lakini" isizae, ila kipaji chote cha asubuhi kilikuwa kimemtoroka.

Ndipo filimbi ikalia.

Kutoka nyuma ya banda la kukodisha nguo za picha ulitokeza msafara. Kina mama kumi na kitu, waliovaa magauni ya kifalme ya kukodi, ya bluu, ya zambarau, ya kijani cha kuumiza macho, na vichwani vilemba vipana vya ubao vilivyojaa maua ya plastiki. Chini ya magauni, raba zao za mazoezi. Mbele yao alitangulia Kui Fengqin, mwenye gauni la matroni wa ikulu, uso umepakwa poda mpaka akaonekana kama andazi la mvuke. Alitimiza ahadi yake: Kui wa kila siku hakuonekana hata kidogo.

"Mungu wangu," Baozhen akasema chinichini.

"Binti Mfalme!" Kui alipaza sauti, mikono yote kwenye goti moja, akajishusha kwa ile salamu ya zamani. "Watumwa wako tumekuja kukuamkia!"

"Umri mrefu! Umri mrefu!" wakajibu wenzake, wakipeperusha leso. Mmoja wao goti lilimkataa nusu ya njia, ikabidi avutwe na jirani yake.

Watalii wakaacha mitandio yao, simu zikainuliwa. Kiongozi mmoja wa watalii, mwenye kibendera, akaanza kuwaeleza watu wake kwamba hiyo ni desturi ambayo haijakatika tangu zamani, na akaieleza vizuri kweli kwa mtu aliyekuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Mama mmoja akauliza kama Binti Mfalme anapiga picha na watu. Mwingine akasema amemwona kwenye televisheni.

"Kui," Baozhen alisema kwa meno yaliyofungana, "nitakuua."

"Binti Mfalme amesema atanituza!" Kui akawatangazia wote.

Kisha akamgeukia Jiao, ambaye alikuwa amesimama kama mlingoti. "Na wewe mgeni! Mbele ya damu ya kifalme unasimama wima? Huko kwenu hamfundishwi?"

Ulikuwa utani. Kui amemtania kila mtu Chengde tangu enzi zake za kukata tiketi kwenye jumba la sinema, na kila mtu Chengde hujua namna ya kumjibu. Lakini Jiao Detian hakuwa mtu wa Chengde. Aliwatazama wale kina mama, akatazama simu zote zilizomwelekea, akawa mwekundu mpaka masikioni. Akashika ukingo wa daraja kwa mkono mmoja. Kisha, polepole, viatu vipya vikilia, mzee yule akaanza kupiga magoti juu ya jiwe.

Alikuwa na magoti mabovu. Yalichukua muda kukunjika, na muda wote huo Baozhen alimwona usoni. Hakuwa na kiburi chochote. Alikuwa ameogopa.

Aibu ilimpanda Baozhen kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Akamrukia akamshika kwapani.

"Inuka! Mzee Jiao, inuka, usiniue! Babu yetu alizoa mavi!"

Simu za watalii zikasogezwa karibu zaidi.

"Mavi gani?" Jiao akauliza, goti moja chini, moja juu.

"Ya kulungu! Wale pale! Siyo wale, babu zao! Alizoa mavi akaweka kwenye maua, na usiku alilala bandani, hakuwa na ukumbi wala kibaraza. Mimi nilikuwa napika kantini. Hawa ni wacheza ngoma wa asubuhi, na huyu aliyejipaka unga nitamnyonga kwa mikono yangu. Mwanangu hana kosa, aliacha tu kusema mavi. Nikatae mimi, basi. Lakini Chunlei anampenda mwanao, na mimi… mimi nampenda pia. Sasa inuka, jiwe hilo la baridi."

Jiao hakuinuka. Alijiachia akakaa kitako pale pale darajani, miguu mbele. Mabega yakaanza kumtikisika. Baozhen alidhani analia, akamwinamia, kumbe mzee anacheka, kicheko kisicho na sauti mwanzoni, halafu chenye sauti nyingi, mpaka kulungu wakainua vichwa.

"Mavi!" alisema, akijifuta macho. "Mama Chunlei, unajua nimekuja kufanya nini? Nimekuja kukataa. Wiki nzima nimekuwa nikijifunza maneno yenyewe mbele ya kioo. Mimi naziba pancha za baiskeli kwenye kona ya kichochoro. Nikajiuliza, sasa siku ya sikukuu nitakaa wapi kwenye nyumba ya watu hawa? Mwanangu ataona aibu nikija. Ataacha kuniita, kidogo kidogo. Nikasema heri anichukie sasa, kuliko kunionea aibu baadaye."

"Na mimi nikadhani unatudharau!"

"Nitamdharau nani na magoti haya?"

Wakamwinua, Baozhen upande mmoja, Kui upande mwingine, na Kui kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaomba radhi, ingawa alifanya hivyo kwa kumpangusa mzee suruali kwa nguvu mno. Watalii wakapiga makofi. Kiongozi mwenye kibendera akawaambia watu wake kwamba onyesho limekwisha.

"Kwa hiyo umekubali?" Kui akauliza, maana Baozhen mwenyewe hakuthubutu.

"Nimekubali. Nimekubali toka kwenye mavi." Kisha Jiao akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. "Loo. Mke wangu."

"Mkeo ana nini?"

"Mimi nilikuwa sitaki ufalme. Yeye ndiye anautaka. Kichochoro kizima kimeshaambiwa. Muuza mboga ameambiwa. Kuna jirani mmoja ambaye binti yake aliolewa na daktari, na miaka yote ametunyanyasa na daktari huyo. Sasa mke wangu amepata mfalme wa kumpiga naye. Nikirudi na mavi, harusi hakuna."

Wote watatu wakatazama mayungiyungi.

"Atajua siku ya harusi," Baozhen alisema.

"Siku ya harusi atakuwa ameshawaalika watu. Hapo hata ukiwa mchawi atakutetea." Jiao akamtazama kwa namna mpya, ya mtu anayepima baiskeli iliyoletwa vipande vipande. "Una urefu wa kutosha. Dada Kui, gauni kubwa kuliko yote liko wapi?"

"Sivai!" Baozhen akasema. "Nimeshatubu, naogopa kurudi tena!"

"Umetubu kwangu. Kwa mke wangu bado hujaanza kutenda dhambi."

Chunlei na Wenqian waliporudi na makopo ya juisi, walimkuta mama amekalishwa kwenye kiti cha kukodi kando ya maua ya manjano, katika gauni jekundu lenye majoka, kilemba cha ubao kimefungwa kwa utepe chini ya kidevu. Kina mama wamejipanga nyuma yake na leso. Na yule mzee asiyecheka amechuchumaa mbele na simu, anafoka kama mpiga picha wa mjini. "Kidevu juu! Wewe ni Binti Mfalme, siyo mpishi! Dharau kidogo! Hapana, dharau ya kitajiri!" Wenqian akadondosha kopo lake. Chunlei alitazama uso wa mama yake, akaelewa kwamba yote yamejulikana na hakuna aliyekufa, akakaa chini kwenye nyasi.

Jiao akatuma picha. Wakasubiri. Baozhen alikuwa na jasho chini ya kilemba, na hakujua kama acheke au akimbie.

Simu ikalia, ujumbe wa sauti. Jiao akaufungua, sauti ikiwa juu, kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa zito. Walitarajia vigelegele. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya mwanamke anayeongea karibu sana na simu ili majirani wasimsikie.

"Baba Wenqian. Nimeona. Ni mtu mkubwa kweli, jamani. Sikia, mwombe kitu, lakini kwa heshima. Nasikia kwenye nyumba zao mkwe haketi kula na wengine, anasimama akisubiri mama mkwe amalize ndipo ale makombo. Wenqian akiwa na njaa anatetemeka, wewe unajua, tangu mdogo. Mwombe asimsimamishe. Mwambie mimi ndiye niliyeomba, nitapiga magoti siku tutakayoonana. Ni huyo mmoja tu tuliye naye."

Wenqian alikuwa ameufunika mdomo kwa mkono. Kui akageuka akajidai anarekebisha ua la plastiki.

Jiao akamsogezea Baozhen simu, bila kumwambia cha kufanya.

Baozhen angeweza kumwambia ukweli pale pale, kuhusu jiko lake na meza yake yenye mguu mbovu. Lakini mwanamke yule wa mbali hakuwa akiomba ukweli, alikuwa akiomba hakikisho kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kulitoa. Basi Baozhen akanyoosha mgongo. Akainua kidevu mwenyewe, bila kufokewa. Akabonyeza simu, akatoa sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Huyu ni Binti Mfalme. Natoa amri. Wenqian atakula wa kwanza, atakula ameketi, na asiposhiba hakuna atakayeinuka mezani. Na wewe mama yake usipige magoti mbele ya mtu yeyote, nimekataza."

Akaachia kidole, na ujumbe ukaenda.